Chapati ya Usiku na Mikono Inayoisukuma

Jua linapokaribia kuchwa, katika mitaa mingi ya Unguja na Pemba husikika sauti moja ambayo watu hawaizingatii kwa kuwa wameizoea mno. Ni sauti ya kifimbo kikigonga juu ya kibao. Chapati zinasukumwa kwa ajili ya chakula cha usiku. Mwenye njaa huisikia akafurahi, na mpita njia huisikia akajua kuwa nyumba ile leo ina mchuzi wa maana. Lakini ni wachache wanaojiuliza kifimbo kile kimeshikwa na nani, kimeanza kugonga saa ngapi, na kitawekwa chini saa ngapi. Leo tungependa kulitazama swali hilo, kwani tunaamini kuwa ndani yake mna jambo linalowahusu wananchi wote, na linalowahusu pia viongozi wetu katika ofisi zao.

Huenda wakatokea watakaosema kwamba gazeti limeishiwa na habari, ndiyo maana limeingia mekoni. Kwa hao tungependa kukumbusha kisa kimoja cha historia. Katika miezi ya mwanzo ya mwaka 1857, kaskazini mwa Bara Hindi, walinzi wa vijiji walionekana wakipeleka chapati kutoka kijiji kimoja hadi kingine, na kila aliyezipokea alitakiwa kupika nyingine na kuzipeleka mbele. Maofisa wa Kiingereza walishtuka. Walihoji watu na kuandikiana barua, wasipate maana yake. Mwezi Mei mwaka huo huo, uasi mkubwa ulizuka Meerut, ukaenea katika sehemu kubwa ya nchi. Wanahistoria hadi leo hawajakubaliana kama chapati zile zilihusiana na uasi huo. Lakini funzo lake kwa mtawala yeyote li wazi: anayeuona mkate wa watu wake kila siku bila ya kuelewa unavyopita mikononi mwao, kuna mengi mengine asiyoyaelewa.

Chapati si mzaliwa wa visiwa hivi. Asili yake ni huko huko Bara Hindi, ambako sehemu za kaskazini na magharibi bado ni mkate wa kila siku. Wengine huiita roti, na Wagujarati huiita rotli. Aghalabu hupikwa kwa unga wa ngano usiokobolewa, ikachomwa kavu juu ya chuma. Wafanyabiashara wa Kikachi na Kigujarati walivuka bahari kwa pepo za kaskazi, na idadi yao iliongezeka sana Unguja katika karne ya 19, baada ya Sayyid Said kuyahamishia makao yake hapa. Walikuja na mizani zao, vitabu vyao vya hesabu, na mapishi yao. Hapa petu mkate ule ulibadilika. Tuliuongeza mafuta au samli, tukaukunja ili uwe na matabaka, tukautumia zaidi unga mweupe, hata leo chapati yetu inafanana zaidi na ile ambayo Wahindi huiita paratha. Tukailia kwa maharagwe ya nazi, kwa mchuzi wa pweza, kwa mbaazi na kwa kuku wa kupaka. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mgeni huyu alipewa jembe zamani, akawa mwenyeji, na leo hakuna anayemuuliza alikotoka.

Hata hivyo, kwa muda mrefu chapati haikuwa chakula cha kila usiku kwa watu wa kawaida. Ilikuwa chakula cha sikukuu na cha mgeni wa heshima. Wazee wetu wanaikumbuka vizuri miaka ya mwanzo ya 1970, mchele na unga wa ngano vilipokuwa vya mgao, na watu wakipanga foleni kwa kipimo kidogo. Katika miaka ya 1980, biashara ilipofunguliwa, unga ulirejea madukani, na taratibu chapati ikaingia katika chakula cha usiku cha nyumba nyingi, za mjini na za shamba. Hayo ni maendeleo, na tunayasema kwa furaha. Lakini maendeleo hayo yalikuwa na gharama yake, na hadi leo hatujakaa kitako kuulizana gharama hiyo inalipwa na nani.

Tuihesabu kazi yenyewe. Chukua nyumba yenye watu wanane, kila mmoja akila chapati mbili. Hizo ni chapati 16, ambazo zinataka unga wa kilo moja na zaidi. Unga huchekechwa, ukatiwa chumvi na mafuta kidogo, kisha maji ya uvuguvugu hutiwa kidogo kidogo huku mkono ukikanda. Kukanda kwa dakika mbili hakutoshi. Unga wa ngano una unato wake, na unato huo hauji mpaka mkono umeukanda robo saa au karibu yake, mpaka donge liwe laini na liache kunata kwenye vidole. Halafu hufunikwa kwa kitambaa likapumzika nusu saa. Asiyelipumzisha atajuta, maana kila akilisukuma litajivuta na kurudi lilikotoka. Baada ya hapo hugawanywa madonge. Kila donge husukumwa, likapakwa mafuta, likakunjwa au kuviringwa, likaachwa tena, kisha likasukumwa mara ya pili. Kwa hiyo chapati 16 ni misukumo 32. Ndipo kazi ya moto inapoanza. Kila chapati hukaa juu ya chuma dakika mbili au tatu, ikigeuzwa na kupakwa mafuta pande zote, na mpishi haondoki, kwani akigeuka tu imeungua. Kwa chuma kimoja, hizo ni dakika 40 na zaidi mbele ya seredani. Ukijumlisha yote, kutoka kuchekecha hadi kuosha kibao, ni saa mbili, pengine zaidi. Na hapo bado hatujataja mchuzi.

Saa hizo mbili hazikai peke yake. Huanza pale mwenye kazi hiyo anapokuwa amekwisha maliza kazi nyingine: ya ofisini, ya sokoni, ya shamba au ya mwani. Na katika mwezi wa Ramadhani huja akiwa amefunga, ameinama juu ya moto jua likiwa bado halijachwa, ili wengine wakae na kufuturu kwa wakati. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Tumeuona mzigo huu mchana na usiku kwa miaka mingi, tukaudhania usufi kwa sababu hatukuwahi kuutia begani.

Mpaka hapa msomaji amekwisha fahamu kuwa mikono tunayoizungumzia ni ya akina mama na mabinti zetu. Hoja inayotolewa siku zote ni kwamba mila zetu haziruhusu mwanamume kuingia mekoni. Tungependa kuijibu hoja hiyo kwa heshima, lakini bila ya kuficha ukweli. Nani anayepika pilau na biriani katika harusi zetu, kwa masufuria yasiyonyanyuliwa ila na watu wawili? Mara nyingi ni wanaume. Nani aliyepika katika majahazi yaliyokuwa yakivuka bahari? Ni wanaume. Nani anayesimama Forodhani kila usiku, akitandaza donge la unga mpaka likawa jepesi kama karatasi, akalijaza nyama na yai, akaliuza kwa watalii kwa jina la pizza ya Zanzibar? Wengi wao ni vijana wa kiume, hodari na wenye mikono mepesi. Kijana huyo akirejea nyumbani na kuambiwa amsaidie dada yake kusukuma chapati, atasema ni aibu. Basi aibu haimo katika unga, wala katika kifimbo, wala katika moto. Tumekubaliana kimyakimya kuwa kazi hii ni heshima ikilipwa, na ni aibu ikiwa haina malipo. Hiyo si mila ya kujivunia. Wanavyuoni wetu nao hawachoki kutukumbusha kuwa Mtume mwenyewe alikuwa akiwahudumia watu wa nyumbani kwake.

Wako wanaosema kwamba jambo hili limekwisha jitatua lenyewe, kwani siku hizi chapati hununuliwa tayari barabarani. Hatuna ubaya na wauzaji wa chapati. Wengi wao ni akina mama wanaosomesha watoto kwa kibao na kifimbo, nao wanastahili kuungwa mkono. Lakini chapati ya kununua haimtoshi kila mtu. Nyumba yenye watu wanane ikinunua 16 kila usiku, hesabu yake mwisho wa mwezi si ndogo. Tena mnunuzi hajui mafuta yaliyotumika wala chumvi iliyotiwa, ilhali mpishi wa nyumbani anayo hiari ya kupunguza mafuta, au ya kuchanganya unga usiokobolewa kwa ajili ya mzee mwenye maradhi ya sukari. Na kubwa kuliko yote, chapati ya nyumbani hutoka motoni moja moja, na kwa hiyo huwakusanya watu. Mtu haili peke yake chumbani. Huingojea, huizungumzia, humega na kumpa mdogo wake. Chakula cha usiku ndiyo saa ya pekee ambayo nyumba nyingi bado hukaa pamoja. Hatungependa saa hiyo ipotee, na vile vile hatungependa ilindwe kwa mgongo wa mtu mmoja.

Hapo ndipo tunapowageukia viongozi wetu. Serikali inajua kuhesabu magunia. Ngano haioti katika visiwa hivi, na ile inayolimwa Hanang na katika nyanda za juu kusini mwa Tanzania Bara haitoshelezi mahitaji ya nchi, hivyo sehemu kubwa ya unga wetu hutokana na ngano ya ng'ambo. Vita vilipozuka kati ya Urusi na Ukraine mwezi Februari 2022, bei ya ngano duniani ilipanda, na mwezi uliofuata kipimo cha bei za vyakula cha Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa kilifikia kiwango ambacho hakikuwahi kuonekana tangu kipimo hicho kianze kuwekwa. Mama wa Micheweni na mama wa Makunduchi waliihisi vita hiyo mekoni mwao. Wakati huo maofisa waliulizwa kuhusu unga, nao wakajibu kuhusu unga. Ni sawa. Lakini hakuna aliyeulizwa kuhusu mikono, kwa sababu katika hesabu zetu mikono ile haimo.

Wachumi wana kanuni moja ambayo yafaa kila mwananchi aijue. Katika kuhesabu pato la taifa, kazi ya kupika chapati ya kuuzwa ina mahali pake katika hesabu. Lakini mama yule yule akipika chapati ile ile, kwa unga ule ule, akawapa wanawe, kazi yake haihesabiwi. Kwa mujibu wa vitabu hivyo, saa zake mbili hazikuwako. Ulimwengu umeanza kuliona kosa hilo. Mwezi Oktoba 2013, mkutano wa 19 wa kimataifa wa wataalamu wa takwimu za kazi, uliofanyika Geneva, ulipitisha azimio la kukiri kuwa huduma anazotoa mtu nyumbani kwake bila ya malipo nazo ni kazi, na kwamba yafaa zipimwe. Lililokiriwa Geneva halipaswi kuwa gumu kukiriwa Wete au Mkokotoni.

Rai yetu, basi, ni hizi zifuatazo. Kwanza, ofisi zinazohusika na takwimu zipime saa za kazi ya nyumbani, za wanawake na za wanaume, na matokeo yake yatangazwe kwa Kiswahili chepesi, yafikishwe kwa masheha na kuzungumzwa barazani. Takwimu inayofungiwa kabatini haimsaidii aliyehesabiwa. Afisa anayepanga mafunzo ya akina mama saa kumi na moja jioni, au mkutano wa maendeleo wa shehia wakati huo huo, kisha akashangaa kwa nini wanawake hawakuhudhuria, angepata jibu lake humo. Hawakuja kwa sababu walikuwa wanakanda unga.

Pili, skuli zetu. Mapishi na usafi wa jikoni vifundishwe kwa vitendo, na kwa kipimo kimoja kwa wavulana na wasichana. Mvulana akijua kukanda unga, hatapungukiwa na kitu. Akienda kusoma mbali atajilisha, akifanya kazi hotelini atapanda cheo upesi, na akioa atakuwa ameoa mwenzake wala hakutafuta mpishi. Katika visiwa ambavyo utalii ni nguzo ya uchumi, elimu hii ni ya riziki pia.

Tatu, moto. Nusu ya taabu ya chapati iko katika kupuliza makaa na kuvumilia moshi, na tena chapati inataka moto unaopandishwa na kushushwa kwa haraka, jambo ambalo makaa hayakubali. Mwezi Mei 2024 ulizinduliwa mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, wenye shabaha ya kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034. Tunaipongeza shabaha hiyo. Lakini tunawaomba wahusika wasiipime kwa idadi ya mitungi iliyogawiwa siku ya sherehe. Waipime kwa mitungi inayojazwa tena mwezi wa pili na wa tatu. Na wasivisahau visiwa vidogo. Mtungi unaovushwa kwa mashua kwenda Tumbatu au Kojani hubeba gharama ya safari, na mwananchi wa huko hakuchagua kuzungukwa na bahari.

Lakini sehemu kubwa ya kazi hii haingoji Serikali. Haina haja ya bajeti wala ya waraka. Kidole kimoja hakivunji chawa, na mikono miwili haitoshi kwa chapati 16. Mmoja akikanda, mwingine akasukuma, wa tatu akasimamia chuma, zile saa mbili hupungua sana, kwani wakati chapati moja iko motoni nyingine iko kibaoni. Baba anayekaa barazani akingoja kuitwa anaweza kuchekecha unga na kuukanda. Mkono wake una nguvu zaidi, na unga hupenda nguvu. Kijana anaweza kusimamia moto. Mtoto wa miaka minane anaweza kugawa madonge na kuyapanga kwenye sinia, naye atajivunia kazi hiyo mpaka alale. Kwa mara ya kwanza chapati zitatoka zimepinda, na nyingine zitaumbika kama ramani ya Pemba. Hakuna aliyekufa kwa kula chapati iliyopinda. Baada ya wiki chache zitanyooka.

Tunajua kuwa mabadiliko ya nyumbani ni magumu kuliko mabadiliko ya ofisini, kwa sababu nyumbani hakuna mkaguzi. Hata hivyo, tunaamini kuwa wananchi wa visiwa hivi, waliompokea mgeni kutoka ng'ambo ya bahari wakamfanya kuwa chakula chao wenyewe, hawatashindwa na hili. Usiku wa leo, kifimbo kitakapoanza kugonga, tunamuomba kila mwanamume anayeisoma safu hii, awe mvuvi au katibu mkuu, ainuke alipokaa, aingie mekoni, anawe mikono, na aulize: nishike wapi?